Mgeni Kuvaa Kimono: Ruhusa Ipo, na Deni Linafuata

Chanzo cha mkanganyiko

Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni wapatao milioni 36.9, wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Waliofika Kyoto na kupanda njia inayoelekea hekalu la Kiyomizu-dera walikuta maduka ya kukodisha kimono yamepangana, yana mabango ya lugha kadhaa, na ndani yake wamo wahudumu wenye ujuzi wa kumvika mgeni kuanzia vazi la ndani hadi mkanda wa obi. Hali ni hiyohiyo Asakusa mjini Tokyo na katika mitaa ya kale ya Kanazawa. Lakini mgeni aliyekaribishwa hivyo akiweka picha yake mtandaoni, huenda akaandamwa kabla jua halijatua. Ataambiwa amenyakua utamaduni wa watu, amegeuza urithi wa wengine kuwa pambo la matembezi, na kwamba angekuwa na adabu angetazama bila kugusa. Hapohapo atatokea mwingine kumtetea kwa ukali uleule. Mtu mwenye nia njema anabaki njia panda, kwa kuwa pande zote mbili zinazungumza kwa jina la heshima na kila upande unadai kuwasemea Wajapani.

Mkanganyiko huu una sababu zake, nazo zinachambulika. Sehemu kubwa ya ugomvi inatokana na kufungasha maswali manne katika furushi moja: nani ana mamlaka ya kuruhusu, ni vazi gani hasa linalozungumziwa, linavaliwa mahali gani, na fedha zinazotokana nalo zinamfikia nani. Mpinzani hujibu swali moja, mtetezi hujibu jingine, kisha kila mmoja hushangaa kwa nini mwenzake haoni jambo lililo wazi. Uchambuzi huu unayachukua maswali hayo moja baada ya jingine, kwanza kwa kutazama vazi lenyewe limetoka wapi.

Vazi lililozoea kuvuka mipaka

Katika karne ya 8, enzi ya Nara, watu wa tabaka la juu nchini Japani walivaa kwa kufuata mitindo ya China ya ukoo wa Tang. Baada ya mabadiliko ya karne nyingi likatokea joho linaloitwa kosode, ambalo katika enzi ya Edo, iliyoanza 1603, lilivaliwa na wanaume kwa wanawake, wafanyabiashara kwa wakulima, tofauti ikiwa katika kitambaa, rangi na mapambo. Pamba zilizopigwa chapa India ziliingia kwa meli za Wareno na Waholanzi, Wajapani wakazipenda na kuanza kuziiga. Nguo za Japani nazo zilisafiri. Watawala wa kijeshi waliojulikana kama mashogun waliwatunuku majoho ya hariri wakuu wa kituo cha Waholanzi cha Dejima, Nagasaki, walipokwenda mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, kutoa heshima zao. Majoho ya namna hiyo yalipofika Uholanzi yakawa fahari ya wasomi na matajiri, na mwanamume aliyechorwa na mchoraji Mholanzi Vermeer mwaka 1668 akichunguza tufe la nyota amevaa joho la mtindo huo. Kwa hiyo desturi ya Mzungu kuvaa vazi la Kijapani ina zaidi ya miaka 350, na wa kwanza kumvika alikuwa mwenyeji mwenyewe, tena mwenyeji aliyekuwa na nguvu za kumfukuza.

Baada ya 1868, utawala wa mashogun ulipokwisha, mambo yaligeuka. Serikali ya Meiji ilitaka mataifa ya Magharibi yaione Japani kuwa nchi sawa nayo, na mwaka 1872 maafisa wakaamriwa kuvaa mavazi rasmi ya Kimagharibi katika shughuli za dola. Mwaka huohuo Kyoto iliwapeleka watu watatu wa Nishijin, mtaa mashuhuri wa wafumaji wa hariri, hadi Lyon nchini Ufaransa kujifunza mtambo wa kufumia wa Jacquard. Teknolojia hiyo ikaingia Nishijin na kubaki, hata obi zinazohesabiwa leo kuwa kilele cha ufundi wa Kijapani hufumwa kwa mitambo yenye asili ya Ufaransa. Duka la Takashimaya la Kyoto nalo lilikuja kushona kimono kwa ajili ya wanawake wa Ulaya na Marekani, likiziongezea vipande vya kitambaa ili zipanuke upande wa chini kama gauni walilozoea. Wenyeji hawakusubiri wageni waje kuchukua. Walishona, wakapakia melini, wakauza.

Pigo kubwa lilitoka ndani ya Japani yenyewe. Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto China, serikali ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa bidhaa za anasa, hariri za thamani zikiwemo. Baada ya 1945 wanawake wengi walihamia mavazi ya Kimagharibi, na kimono ikatoka jikoni na ofisini ikabaki kwenye harusi, hafla ya chai, mahafali, Siku ya Utu Uzima kila Januari na sherehe ya watoto ya Novemba. Binti hakujifunza tena kwa mama yake namna ya kufunga obi, na kuanzia miaka ya 1960 zikaenea shule za kufundisha uvaaji. Kanuni za msimu, umri na hadhi, ambazo zamani zilitofautiana kwa mkoa na kipato, zikageuka mtaala. Hapa ndipo penye mzizi wa mjadala wa leo. Vazi linalovaliwa kila siku halimtishi mtu likivaliwa na mgeni, lakini likiondoka katika maisha ya kawaida na kubaki katika sherehe, hubebeshwa maana ya taifa zima, na kila anayeligusa huonekana amegusa taifa.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ya kihistoria, na uzito wake uko Marekani zaidi kuliko Japani. Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri ya Rais Namba 9066, na kwa nguvu ya amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, walihamishwa kwa lazima na kufungiwa kambini. Zipo familia zilizochoma au kufukia barua, picha na kimono zisije zikachukuliwa kuwa ushahidi wa utiifu kwa adui. Mjukuu wa familia kama hiyo anapoona joho lilelile limekuwa vazi la mchezo kwenye karamu ya wanafunzi, anachokiona ni hesabu isiyo sawa: lilipokuwa mwilini mwa bibi yake lilikuwa alama ya hatari, sasa liko mwilini mwa mwingine limekuwa urembo. Malalamiko hayo ni ya haki, na hakuna karibu ya mwenye duka wa Kyoto inayoweza kuyafuta.

Hoja ya pili inahusu taswira. Kwa zaidi ya karne moja majukwaa ya Magharibi yamemchora mwanamke wa Kijapani kuwa mnyonge, mtiifu na wa kutamaniwa, na opera ya Puccini, Madama Butterfly, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza 1904, iliisambaza picha hiyo duniani kote. Kimono ndiyo iliyotumika kuwa sare ya mhusika huyo. Mwaka 2017 mwanamitindo Karlie Kloss aliomba radhi baada ya jarida la Vogue kuchapisha picha zake akiwa amepambwa kwa sura ya geisha, mtumbuizaji wa jadi wa Kijapani, na ubaya wa picha zile haukuwa kitambaa. Walioudhika waliona mwili wa mwanamke mwingine umewekwa mahali pa watu ambao wenyewe hawapewi kurasa hizo. Hoja ya tatu ni ya umiliki wa kibiashara. Mwaka 2019 nyota wa televisheni wa Marekani Kim Kardashian alitangaza nguo za ndani za kubana mwili kwa jina la Kimono, huku maombi ya kulisajili jina hilo kuwa alama ya biashara yakiwa yameshawasilishwa Marekani. Meya wa Kyoto, Daisaku Kadokawa, alimwandikia akimsihi alifikirie upya jina hilo. Baada ya siku chache za kelele, Kardashian alitangaza kwamba bidhaa itabadilishiwa jina.

Hoja hizi zina nguvu pale zinapotaja dhara mahususi: dhihaka, picha potofu, unyang'anyi wa jina. Udhaifu wake unajitokeza zinapopanuliwa kuwa marufuku ya jumla. Ukisema asiyekuwa Mjapani asivae, lazima useme Mjapani ni nani. Vipi mtoto wa mama Mjapani na baba Mghana aliyezaliwa Osaka? Vipi mjukuu wa Wajapani aliyezaliwa São Paulo asiyejua neno la Kijapani, au Mkorea aliyezaliwa na kukulia Japani? Kanuni inayohitaji kupima damu ili ijue nani avae nini inarudi kwenye fikra zilezile zilizozaa kambi za 1942. Udhaifu wa pili ni kwamba marufuku hiyo inawahesabu watu wa Asia na vizazi vyao ughaibuni kuwa kundi moja lenye sauti moja, ilhali wanaofuma, wanaoshona na wanaovisha wana msimamo wao, na wameutangaza.

Hoja za wanaounga mkono

Watetezi huanza na mwaliko, na ushahidi wao ni mwingi. Nyumba za wageni za jadi, ryokan, humpa kila anayelala yukata, vazi jepesi la pamba, bila kuuliza pasipoti yake ni ya nchi gani. Mahujaji wa kigeni wanaozunguka mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku huuziwa joho jeupe la hija sawa na wenyeji. Mwaka 2020 jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London lilifungua maonyesho makubwa ya kimono, kazi za wabunifu wa Kijapani wa leo zikiwa pamoja na za wabunifu wa Magharibi waliochota kwao. Hata barua ya Kadokawa, inayotajwa mara nyingi kama ushahidi wa wapinzani, ilieleza kwamba jina kimono ni mali ya pamoja ya wanadamu wote wanaolipenda vazi hilo na utamaduni wake, ndiyo maana lisihodhiwe na mtu mmoja. Meya alikataza kuhodhi. Kuvaa hakukukataza.

Hoja yao ya pili ni ya uhai wa ufundi. Soko la kimono nchini Japani, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikadiriwa kufikia yeni trilioni 1.8, lilishuka chini ya yeni bilioni 300 katikati ya miaka ya 2010. Nyuma ya takwimu hizo wapo wafumaji wa Nishijin, watiaji rangi wa mbinu ya yuzen, na mafundi wa kisiwa cha Amami Oshima wanaotia nyuzi za hariri rangi kwa maji ya mti na tope lenye madini ya chuma. Ufumaji wa Yuki, ambao nyuzi zake husokotwa kwa mkono, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2010, lakini kuorodheshwa hakumpi fundi mteja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemavyo wahenga, na kwa mafundi hawa kauli hiyo ina maana ya mkate wa siku. Watetezi huongeza kwamba umbo la kimono lenyewe halimbagui mtu. Hukatwa kwa vipande vilivyonyooka kutoka jora moja lenye upana wa karibu sentimita 37 na urefu wa karibu mita 12, na kwa wanawake kimo hurekebishwa kwa kukunja kitambaa kiunoni.

Wapo pia wageni walioitikia mwaliko huo kwa kazi ya miaka mingi. Sheila Cliffe, Mwingereza aliyeishi na kufundisha Japani kwa miongo kadhaa, ameandika vitabu kuhusu kimono katika maisha ya kijamii na amekuwa mtetezi wake anayejulikana nchini humo. Serge Mouangue, msanii mzaliwa wa Kamerun, aliasisi Tokyo mradi wa WAfrica unaoshona kimono kwa vitambaa vya Afrika Magharibi kwa kushirikiana na mafundi wa Kijapani. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kuuelewa ushirikiano wa namna hiyo, kwa maana kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 viwanda vya Japani vilipiga chapa kanga zenye majina ya Kiswahili kwa ajili ya masoko yetu. Kanga haikupungukiwa kitu kwa kupita mikononi mwa Wajapani, kwa kuwa majina, rangi na ladha viliamuliwa na soko la wavaaji wenyewe.

Hata hivyo upande huu nao una nyufa. Mwenye duka la kukodisha ana sababu ya kumkaribisha kila mteja, kwa hiyo tabasamu lake halitoshi kuwa kauli ya taifa. Tena Mjapani aliyeko Japani anaishi nchini mwake akiwa miongoni mwa walio wengi. Hajachekwa darasani kwa sababu ya macho yake wala chakula chake, na asipoona ubaya wa jambo fulani huenda ni kwa sababu ubaya huo haujawahi kumfika. Kusema Wajapani hawajali, kisha kufunga mjadala, ni kuwatumia watu wa Tokyo kuwanyamazisha watu wa Los Angeles.

Kwa nini Kyoto na Boston hazisemi lugha moja

Tukio lililoonyesha tofauti hiyo waziwazi lilitokea mwaka 2015. Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston linamiliki La Japonaise, picha ambayo Claude Monet aliichora 1876, akimwonyesha mkewe Camille amevaa joho jekundu la Kijapani lililotariziwa, kichwani nywele bandia za rangi ya dhahabu. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilikuwa limetengenezesha nakala za joho hilo, nazo zilijaribiwa na watazamaji picha ilipoonyeshwa Japani. Boston ilipowaalika watazamaji wake kufanya vivyo hivyo kila Jumatano jioni, vijana, wengi wao wenye asili ya Asia, waliandamana, wakisema jumba hilo linachezea taswira za kikoloni bila kueleza historia yake. Wengine, wakiwemo Wajapani waishio Boston, walikuja wamevaa kimono kuwapinga waandamanaji. Afisa wa ubalozi mdogo wa Japani alisema hadharani kuwa hawakuelewa vizuri hoja ya maandamano. Makumbusho ikasitisha uvaaji na kuruhusu watu waiguse nguo tu.

Wengi walilisoma tukio hili kama swali la nani mwenye kweli, kana kwamba upande mmoja lazima uwe umedanganyika. Kilichotokea ni kwamba pande mbili zilisimama mbele ya kitambaa kimoja zikiwa na madai juu ya vitu viwili. Wajapani walidai kitambaa: hii ni kazi ya mikono yetu, tunataka ionekane, ivaliwe, ipendwe. Waandamanaji walidai nafasi yao katika Marekani: taasisi kubwa ya sanaa iliandaa burudani kwa kutumia sura ya Asia bila kuwapa watu wenye asili ya Asia nafasi ya kueleza. Madai hayo hayapingani. Makumbusho ingeweza kuyatimiza yote kwa kuwaweka mafundi, wanahistoria na Wamarekani wenye asili ya Japani mbele ya picha, waeleze joho lilishonwa kwa nani na Monet alikuwa akisema nini juu ya wazimu wa Paris kwa vitu vya Kijapani, kisha anayetaka avae. Kusitisha uvaaji bila kuwapa watu hao nafasi ya kueleza kuliwanyima Wajapani walichotaka na hakukuwapa waandamanaji walichokuwa wakidai.

Mahali ambapo ruhusa hupungua

Hoja ya mwaliko ina mipaka mitatu ambayo watetezi huiruka. Wa kwanza unahusu nani anayealika. Mavazi ya jadi ya visiwa vya Japani hayaishii kwenye kimono. Waainu wa kaskazini wana attush, nguo inayofumwa kwa nyuzi za magome ya mti na kupambwa kwa mapambo yenye maana za kiroho na kiukoo. Walilazimishwa kuacha lugha na desturi zao chini ya serikali ya Meiji na zilizofuata, na sheria iliyowatambua kuwa wenyeji wa asili ilipitishwa 2019 tu. Okinawa ina bingata, kitambaa cha rangi kali kilichokuzwa katika ufalme wa Ryukyu kabla ya Japani kuuteka rasmi 1879. Kwa mavazi haya, karibu ya duka la Tokyo haitoshi, sawasawa na ambavyo karibu ya Kyoto haitoshi kufuta maumivu ya Wamarekani. Mwaliko lazima utoke kwa jamii iliyolea vazi, na pale jamii hiyo iliponyang'anywa mengi, mgeni aende taratibu zaidi na anunue kwa mafundi wake wenyewe.

Mpaka wa pili unahusu aina ya vazi. Yukata ya sherehe za kiangazi ni vazi la kila mtu. Sketi nyekundu za wahudumu wa kike wa madhabahu za Shinto ni sare ya ibada. Mapambo ya maiko, yaani geisha mwanafunzi, ni alama za kazi inayofunzwa kwa miaka, na rangi ya kola na mtindo wa nywele huonyesha mwanafunzi amefikia hatua gani. Mgeni anayejipaka unga mweupe na kuzurura Gion mjini Kyoto akijifanya maiko anaingia katika mtaa ambao tayari umeelemewa. Wakazi waliweka mabango ya kukataza kupiga picha kwenye vichochoro binafsi, wakaonya kuhusu faini ya yeni 10,000, na mwaka 2024 wakafunga baadhi ya vichochoro kwa watalii, baada ya maiko wa kweli kuandamwa na kuvutwa mikono ya mavazi yao.

Mpaka wa tatu ni mahali. Agosti 2022 polisi wa Suzhou, China, walimkamata msichana wa Kichina aliyekuwa akipigwa picha barabarani amevaa vazi la Kijapani. Kumkamata kulikuwa kupita kiasi, lakini hasira iliyotanda ilikuwa na chimbuko: jeshi la Japani liliivamia nchi hiyo na kufanya mauaji makubwa Nanjing kuanzia Desemba 1937. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, na Taiwan kuanzia 1895. Kimono ambayo Boston inazungumzwa kama vazi la wanyonge, katika nchi hizi inaweza kukumbusha mtawala. Nadharia ya unyakuzi inayogawa dunia katika Magharibi yenye nguvu na Mashariki iliyoonewa haiwezi kueleza jambo hili.

Fedha zinaenda wapi

Katika kelele za nani avae, swali la nani anafaidika husahaulika, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko wote wa utalii wa kimono. Nguo nyingi zinazokodishwa mitaani ni za poliesta, zimepigwa chapa kwa mashine, na zimechaguliwa kwa sababu zinafuliwa haraka na kuvumilia wateja wengi. Mwenye duka analipwa, mpiga picha analipwa, mfumaji wa Nishijin hapati kitu. Hoja kwamba mgeni anaokoa ufundi kwa kukodisha nguo ya siku moja imebeba nusu ya ukweli, maana anachokiokoa ni biashara ya picha, na biashara hiyo inaweza kustawi hata fundi wa mwisho akistaafu bila mwanafunzi.

Mpinzani akisikia haya anaweza kusema: basi tumekubaliana, aache kuvaa. Lakini hitimisho hilo halifuati. Poliesta ilianza kabla ya mtalii, kwa sababu Wajapani wenyewe walihitaji kimono wanayoimudu. Kumwondoa mgeni hakumrudishii mfumaji mteja, humpunguzia mmoja aliyekuwa na uwezekano wa kupanda ngazi kutoka nguo ya kukodi hadi nguo ya kununua. Kuna hifadhi kubwa ya kimono zilizotumika, nyingi za hariri safi, zilizolala kwenye makabati ya familia ambazo warithi wake hawazivai. Huuzwa kwa bei nafuu ambayo mara nyingine haizidi sana ada za kukodisha. Mgeni anayenunua moja ya hizo, au anayelipia saa chache katika karakana ya mtia rangi wa yuzen, anaingia katika mzunguko unaomgusa aliyeitengeneza nguo.

Kuzipima hoja

Tukiweka yote kwenye mizani, msimamo wa kumkataza mgeni asivae kabisa hauwezi kusimama. Unapingana na historia ya vazi, unawanyima mafundi sauti juu ya kazi yao, na unahitaji kipimo cha damu ambacho hakuna mtu muungwana angependa kukishika. Msimamo wa kuruhusu bila sharti hausimami pia, kwa sababu unachukulia mwaliko wa kibiashara kuwa mwaliko wa kila mahali na kwa kila vazi. Msimamo wa kati unaosikika sana, kwamba vaa ukiwa Japani na usivae ukitoka, unakaribia ukweli lakini umeshika kigezo kisichotosha. Mtu anaweza kuidhalilisha kimono akiwa Gion, na mwingine akaivaa kwa heshima akiwa Nairobi kwenye hafla ya chai aliyoalikwa na Wajapani. Mahali ni dalili. Kinachoamua ni uhusiano kati ya mvaaji na waliolitengeneza vazi na wanaoliona.

Ruhusa ya mwenyeji, kwa hiyo, ni ya kweli, na inamfunga mgeni kwa deni. Sehemu ya deni hilo ni maarifa. Upande wa kushoto wa kimono hulala juu ya wa kulia, kwa wanawake na wanaume, kwa kuwa kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Furisode, kimono yenye mikono mirefu, ni ya wasichana ambao hawajaolewa. Kimono zenye bitana ni za miezi ya baridi, na za katikati ya kiangazi hufumwa nyepesi zikipitisha hewa. Je, mgeni akikosea amedhulumu? Hapana. Wajapani vijana nao hukosea, na wengi hulalamika kwamba hofu ya kusahihishwa na watu wasiowajua huwazuia kuvaa kabisa. Kosa la anayejifunza husameheka kwa sababu linarekebishika. Asichosamehewa mtu ni kutojali, yaani kuambiwa maana ya kitu kisha kuendelea kana kwamba hakuambiwa.

Pingamizi la mwisho linastahili jibu. Wapo watakaosema kuwa kudai maarifa na malipo ya haki ni kumtwisha mtalii mzigo usio wake, kwani kila mtu duniani anavaa jinzi bila kusoma historia ya wachimba madini wa Marekani. Tofauti iko katika jinsi kila vazi lilivyoenea. Jinzi ilienea kwa nguvu za soko kubwa kiasi kwamba haimtegemei mtu yeyote ili iendelee kuishi, wala hakuna anayedhihakiwa kwa kuivaa. Kimono imebaki na mafundi wachache, na wazao wa waliokuwa wakiivaa ughaibuni bado wanabeba kumbukumbu ya adhabu. Kadiri vazi linavyobeba kumbukumbu nzito na mafundi wachache, ndivyo uangalizi wa mvaaji unavyopaswa kuongezeka.

Kwa muhtasari

Kimono iliundwa kwa kupokea na kutoa: mitindo ya China, pamba za India, mtambo wa Ufaransa, na majoho yaliyotunukiwa Waholanzi. Mjadala ulikuwa mkali ilipotoka katika maisha ya kila siku na kubeba maana ya taifa, na ulizidi kuwa mkali pale ambapo wazao wa Wajapani waliteswa kwa asili yao. Wapinzani wako sahihi wanapokemea dhihaka, taswira potofu na kuhodhi jina, na wanakosea wanapogeuza lawama hizo kuwa marufuku ya damu. Watetezi wako sahihi kwamba mwaliko upo na ufundi unahitaji wavaaji, na wanakosea wanapodhani mwaliko wa duka unatosha kwa vazi la Waainu, kwa sare ya ibada, au kwa karamu ya mbali na mwenyeji. Mgeni na avae, akijua amealikwa na nani, amevaa nini, yuko wapi, na fedha yake imeishia mkononi mwa nani. Asiyeweza kuyajibu hayo hajakosa haki ya kuvaa. Amekosa tu kujiandaa, na maandalizi hayo anaweza kuyaanza kwa kumuuliza fundi kabla ya kulipa.